Nimejenga nyumba nne Malawi, mama yangu bado kapanga!

Mpenzi msomaji, kama unataka kuijua Bongo vizuri, ondoka kidogo halafu urudi. Mtu akikuona unashuka kwenye basi na begi mgongoni haulizi safari ilikuwaje, anauliza umeleta nini. Ukimjibu kwamba hukuleta kitu, anashusha sauti kama anayeuliza habari za mgonjwa: "Sasa ndugu yangu, huko ulikwenda kufanya nini?"

Mimi nilikwenda kujenga nyumba. Za watu. Bure.

Neno hilo la mwisho ndilo lililokivunja mbavu kijiwe chetu pale Mbagala. Jamaa mmoja anayefanya kazi ya wakala wa pesa za simu alinitazama juu mpaka chini, akasema: "Kaka zetu walizamia meli kwenda Ugiriki wakarudi na makabati ya muziki, wewe umezamia basi kwenda Malawi kubeba karai!" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Ulitaka nifanyeje?

Kwa ambao hawajaipata stori yenyewe, nitaieleza kwa kifupi. Mwaka 2023 kilitokea kimbunga kilichopewa jina la Freddy. Kilianza mapema Februari huko karibu na Australia, kikaivuka Bahari ya Hindi yote kuja upande wetu, kikaipiga Madagascar, kikaipiga Msumbiji, kikarudi baharini kama mtu aliyesahau kitu, halafu kikaja kuipiga Msumbiji kwa mara ya pili. Baadaye wataalamu wa hali ya hewa wa dunia walithibitisha kwamba hakuna kimbunga kilichowahi kuishi muda mrefu kama hicho: siku 36. Mvua yake ya mwisho, ile ya Machi 12 kuamkia 13, iliangukia kusini mwa Malawi. Milima ikamomonyoka, mawe na matope yakashuka juu ya watu waliolala. Mamia walikufa, na zaidi ya watu 650,000 wakabaki hawana pa kukaa. Serikali yetu ilipeleka unga, mablanketi, mahema na helikopta. Wengi mtakuwa mnakumbuka.

Mimi wakati huo nilikuwa na kidato cha nne changu mfukoni, matokeo yenyewe si ya kutangaza gazetini, naandika andika makala, na siku ambazo makala hazitoki nakuwa saidia fundi. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa kwenye kundi la vijana wa kujitolea akaniambia wanatafuta watu wanaojua kushika mwiko. Masharti yalikuwa mepesi kuyakariri: nauli wanatoa, chakula wanatoa, pa kulala wanatoa, mshahara hakuna. Wiki kumi.

Nilipomweleza mama alinisikiliza mpaka mwisho huku anachambua mchele wa vitumbua. Akasema: "Nenda mwanangu, kajitolee. Lakini ujue na mimi sina nyumba." Akaendelea na mchele wake.

Basi bwana, nikaondoka na maneno hayo. Nilipita nayo Morogoro, Iringa na Mbeya, nikashuka nayo kule kwenye ndizi na mvua za Tukuyu, nikavuka nayo mpaka pale Kasumulu. Upande wa pili kuna Karonga, halafu barabara inafuata lile ziwa kwa kitambo. Sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wenyewe wanaliita Ziwa Malawi. Kwenye basi nilikaa kimya, maana mgeni hafungui kesi ya ziwa kwa watu.

Tulipangiwa wilaya ya Mulanje, chini ya mlima wenye jina hilohilo. Kilele chake kina mita 3,002. Kwa mtu aliyezoea joto la Mbagala, Juni ya kule ni adhabu. Kuna mvua ya rasharasha yenye ukungu na baridi wanayoiita chiperoni, inakaa siku tatu nne bila kuondoka. Mashamba ya chai yamezunguka kila upande, ungedhani hujatoka Tukuyu. Kichewa nacho si kigeni kivile. Nyumba ni nyumba, moto ni moto, maji ni madzi. Tofali wanaita njerwa. Siku ya tatu nilikuwa naagiza njerwa kama mzaliwa.

Ngoja niwaeleze nyumba zile zilivyoanguka, maana hapa ndipo penye elimu. Nyingi zilijengwa kwa tofali za udongo mbichi, zikaunganishwa kwa tope, juu ya msingi mfupi. Jua likiwaka, ukuta huo unasimama hata miaka ishirini. Lakini maji yakisimama chini yake siku mbili, tofali ya chini inarudi kuwa udongo kama ilivyokuwa. Ya chini ikilegea, ya juu haina pa kusimama. Waliosimulia walisema hawakusikia kishindo kikubwa. Walisikia ukuta unakaa chini.

Sisi tulijenga kwa tofali za udongo uliochanganywa na saruji kidogo, zinashindiliwa kwa mashine ya mkono, zinawekwa kivulini na kumwagiwa maji siku kadhaa mpaka zikomae. Hazichomwi kwenye tanuru, kwa hiyo hazimalizi kuni, na milima iliyokatwa miti ndiyo inayoporomoka kwanza. Msingi ulikuwa wa mawe, juu yake tunatandika karatasi ya nailoni kuzuia unyevu usipande ukutani. Ukuta ukifika juu ya madirisha tunauzungushia mkanda wa zege, na kenchi za paa tunazifunga ukutani kwa waya, siyo kuzipigilia misumari tu na kumwachia Mungu. Nyumba moja ilikuwa na vyumba viwili na sebule. Tulikuwa vijana 12 na mafundi wawili wenyeji, tukajenga nne.

Ya tatu ilikuwa ya bibi mmoja. Kule mtu mzima kama huyo unamwita agogo, kwa heshima. Kimbunga kilimwachia wajukuu watatu na sufuria mbili. Alikuwa amekaa kwenye darasa la shule na familia nyingine nyingi, kisha chini ya turubai. Agogo huyo alinishangaza kwa jambo moja. Kila siku tulipofika eneo la kazi tulikuta pipa limeshajaa maji. Alikuwa akienda mtoni kabla ya jua, anarudi na ndoo kichwani, anakwenda tena. Tukimwambia apumzike, vijana tupo, anaitikia "zikomo," yaani asante, na kesho yake pipa limejaa.

Siku moja fundi mkuu akamkatalia kabisa, akamnyang'anya ndoo. Agogo akaongea maneno mengi kwa haraka, akachukua ndoo yake akaondoka. Nikamuuliza fundi kasema nini. Akanitafsiria: "Anasema ninyi mtaondoka. Yeye ndiye atakayelala humu. Anataka akilala ajue na yeye yumo ukutani."

Nililiandika kwenye daftari kama jambo zuri la makala. Maana yake niliipata Mbagala.

Agosti nikarudi. Watu hudhani ukirudi nyumbani unaona mambo mapya. Mimi niliona yaleyale, ila kwa jicho la saidia fundi wa kimataifa. Nilikuwa siwezi kupita barabarani bila kuchungulia msingi wa mtu. Nikaanza kuhesabu mapagale. Toka hapa uende Chamazi, uende Kongowe, uende Chanika, utaona nyumba zilizoishia kwenye madirisha, mpapai umeota sebuleni. Kila pagale ni mtu mmoja anayepambana peke yake, mfuko mmoja wa saruji leo, mwingine baada ya Ramadhani.

Halafu tunajenga kwa siri! Mtu ana kiwanja Msongola, mdogo wake wa tumbo moja hajui. Shemeji anakuja kujua siku ya kuhamia. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa watu wana kijicho, watatupiga mizizi kabla ya kupaua. Sasa nyumba ya siri nani atakuja kukusaidia kubeba tofali? Kule Mulanje mtu anayejenga anajulikana na kijiji kizima, kwa sababu anguko lake lilionekana na kijiji kizima. Huku kila mtu anaanguka chumbani kwake, mlango umefungwa.

Na sisi tulikuwa na pagale letu. Marehemu baba alinunua kiwanja Chanika, akajenga mpaka usawa wa madirisha, akaugua, akatutoka. Tangu hapo ukuta ule umekuwa kama picha yake: tunakwenda kuuangalia, tunafyeka majani, tunarudi Mbagala kulipa kodi. Tofali kadhaa zimeibwa. Mama anauza vitumbua asubuhi na maandazi jioni, na kila baada ya miezi sita baba mwenye nyumba anakuja kwa adabu zote kuchukua faida ya vitumbua hivyo.

Yangeendelea hivyo kama isingekuwa masika ya 2024. Mnazikumbuka mvua zile zilizochanganyika na El Nino. Aprili 25 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchi nzima kwa mafuriko na maporomoko. Sisi Mungu alitunusuru, lakini maji yaliingia ndani usiku, yakapanda mpaka usawa wa godoro. Nilimkuta mama amekaa juu ya meza, kashika mkebe wa hela za mchezo kwa mkono mmoja na unga wa vitumbua kwa mwingine. Ukuta wa nyuma wa nyumba ile, uliofyatuliwa kwa mchanga mwingi na saruji ya kuonjesha, ulikuwa unatoa jasho. Mimi nilishasikia ukuta wa namna hiyo unavyokaa chini. Sikulala.

Asubuhi nikamwambia mama: "Tunakwenda kumalizia Chanika. Nitawaita wenzangu, tutajitolea kama Malawi."

Mama akaweka sufuria chini. "Unataka watu waje kunijengea kama mimi ndiye niliyepigwa na kimbunga?"

Nikamwambia si hivyo. Akasema ndivyo hivyo hasa. Kwamba ameuza vitumbua miaka yote ili asimwombe mtu, na leo mwanawe anataka kumtangaza kijiweni kuwa ni mjane wa kuchangiwa. Akaniuliza, wakija na wakiondoka, kesho yake akipita pale na beseni lake la maandazi watamwonaje? Watanunua au watamhurumia?

Hapo ndipo lile pipa la agogo liliponijia. Yule bibi alikuwa analipa. Alikuwa hataki kupewa nyumba na wageni kama anavyopewa mtoto peremende, akatafuta kitu ambacho hakuna wa kumkatalia, maji ya mtoni, akatulipa kila siku kabla hatujaamka. Sisi tuliokuja na fulana zenye maandishi tulijiona ndio watoaji. Na ni kweli tulitoa. Ila ugenini kutoa ni rahisi kwa sababu unayempa hutakutana naye gengeni. Unapanda basi, deni linabaki huko. Nyumbani hakuna basi la kupanda.

Nilikwenda kwa baba mdogo, maana ardhi ya marehemu ina wenyewe na sikutaka maneno. Baba mdogo ni Mpare wa zamani. Akanikumbusha kwamba kwao Same kazi ya pamoja ina jina, msaragambo. Baragumu likilia watu wanatoka, wanachimba mfereji au wanasomba mawe ya shule, na asiyetoka anatozwa faini. "Siyo kujitolea," akaniambia, "ni zamu. Lakini huku mjini jaribu kupiga baragumu uone."

Nikajaribu. Kijiweni nikasema Jumapili twende Chanika tukanyanyue ukuta wa mama. Swali la kwanza: "Kuna posho?" La pili: "Nauli je?" Na siwalaumu, mpenzi msomaji. Kijana wa kibarua Jumapili yake ndiyo unga wa Jumatatu. Mimi Malawi nililishwa na kulazwa na kundi la watu, ndiyo maana niliweza kuwa mkarimu. Ukarimu wenye tumbo tupu ni habari nyingine.

Nilirudi nyumbani nimenywea. Mama akaniuliza wamesemaje, nikamweleza. Akakaa kimya kama siku ile ya mchele. Halafu akasema: "Hao wenzako wenyewe hawana shida ya kujenga?"

Nikafikiri. Yule wakala alikuwa na bibi yake Mbande, choo kimetitia kwa mvua zilezile. Mwingine alikuwa na chumba cha uani hakijapauliwa. Mwingine amenunua kiwanja Mkuranga kwa siri, akaniambia mimi tu kwa sababu nilimkopesha hela ya dalali.

"Basi chezeni mchezo," mama akasema. "Sisi wanawake kumi tunatoa kila wiki, leo anapokea huyu, kesho yule. Hakuna anayemsaidia mwenzake, na wote tumesomesha watoto. Ninyi chezeni mchezo wa tofali. Jumapili hii kwa huyu, Jumapili ijayo kwa yule. Anayepokewa ndiye anayepika. Mwingine asije na huruma yake."

Msomaji wangu, mimi nilikaa wiki kumi na wataalamu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali, na dawa nikaja kupewa na muuza vitumbua.

Tukaanza Julai, watu watano. Mama mwenyewe alidai ipigwe kura ya nani aanze, kwa karatasi ndani ya kofia, na yeye akaangukia zamu ya nne. Nilitaka apangwe mbele kwa sababu ya hali ya chumba chetu, akanikemea: "Mchezo una utaratibu." Kwa hiyo mikono yangu ilijenga choo cha Mbande kabla ya kugusa ukuta wa baba yangu.

Zamu yetu ilipofika mama alipika makande ya kumkumbuka marehemu, sufuria kubwa ya kukopa, na hakukaa chini. Ukuta wa miaka yote ule ulipanda kozi tatu kwa siku moja. Fundi mmoja wa pale Chanika alikuja kutuangalia, akaona tumeandaa nondo za mkanda na waya za kufungia kenchi, akacheka: "Vijana, hapa siyo bandarini, hamna meli ya kufunga." Nikamwambia nilikotoka nimeona paa lililopeperuka likakutwa kijiji cha pili. Akaacha kucheka, akauliza waya huo unapatikana wapi.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote ni matamu. Mmoja wetu alikuwa wa pili kwenye kura. Tulimpaulia chumba chake cha uani, akatushukuru sana, na tangu siku hiyo kila Jumapili anaumwa. Nilikasirika nikataka kwenda kumsema hadharani. Mama akasema hata kwenye mchezo wa pesa wapo, wanapokea halafu wanahama mtaa. "Mchezo hauvunjwi na mmoja," akaniambia. Tumebaki wanne. Kazi inakwenda taratibu zaidi, lakini inakwenda.

Sasa, wale mnaoniuliza tuko wapi. Mkanda umepita, madirisha yana fremu, bati hatuna. Bei ya bati mnaijua, na mchezo wa tofali hauzai bati. Mama bado kapanga Mbagala, kodi ya miezi sita inatusubiri kama kawaida yake. Masika mengine yakija yakatukuta hapa, atapanda tena mezani. Hilo linanikosesha usingizi kuliko kicheko chochote cha kijiweni.

Na kijiweni wamepunguza kuniuliza nilileta nini Malawi. Yule wakala mwenyewe ndiye anayewajibu siku hizi, anawaambia nenda Mbande ukaulize choo cha bibi yangu kimejengwa na nani. Hasemi nilimsaidia. Anasema "nilipokea zamu yangu." Mimi naona ni sawa kabisa.

Wenye hamu ya kwenda kujitolea nje, nendeni. Utafundishwa kazi, utaona mlima, utajua watu wanavyolia na kucheka kwa lugha nyingine. Ila ukirudi usimnyanyue mama yako kama ulivyomnyanyua yule wa ugenini. Muulize kwanza yeye ataleta nini, maana hakosi cha kuleta.

Jumapili hii zamu ni Mkuranga, kile kiwanja cha siri ambacho sasa tunakijua watu wanne, mama wa vitumbua na gazeti zima. Hakuna bomba, maji yanatekwa mbali. Mama kasema tusihangaike kutafuta mtu wa kuteka, yeye atatangulia na basi la kwanza. Tangu jana ndoo yake ameiosha, ameianika mlangoni.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.